Alan Blumlein: Mhandisi Aliyeipa Sauti Mahali Pake

Wahandisi wa sauti hulitaja jina la Alan Dower Blumlein kwa heshima kubwa. Lakini mtu wa kawaida anayeketi sebuleni mwake jioni, spika tano au saba zimemzingira na wufa inanguruma chini ya meza ya runinga, aghalabu hajui kwamba anaburudika kwa fikra za Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1942, akiwa bado hajatimiza miaka 39. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mhandisi huyo, na hasa swali moja alilojiuliza ndani ya ukumbi wa sinema, swali ambalo hadi leo watengenezaji wa mitambo ya sinema za nyumbani wangali wanalijibu kwa namna mpya kila baada ya miaka michache.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuafikiane kuhusu istilahi. Neno kipaza sauti hutumika katika Kiswahili kwa vyombo viwili vinavyofanya kazi kinyume: kile kinachoipokea sauti ya msemaji, na kile kinachoitoa upande wa pili. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutuokoa. Katika maisha ya Blumlein, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutafuta uhusiano sahihi baina ya vyombo hivyo viwili, muktadha hautoshi. Kwa hiyo nitasema maikrofoni kwa cha kwanza na spika kwa cha pili, na wanaistilahi wenzangu wanisamehe.

Blumlein alizaliwa tarehe 29 Juni 1903 katika mtaa wa Hampstead, jijini London. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyepata uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti wa mmishonari Mskoti, William Dower, aliyetumwa na Shirika la Wamishonari la London kuhubiri Afrika Kusini. Semmy alifariki mwaka wa 1914, mwanawe akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi.

Mambo mawili yanasimuliwa kuhusu utoto wake, nayo ni vigumu kuyaweka pamoja. La kwanza ni kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba aliitengeneza kengele ya mlango wa nyumbani kwao, kisha akamwandikia baba yake ankara ya kazi hiyo na kujitambulisha humo kuwa mhandisi wa umeme. La pili ni kwamba mtoto huyohuyo hakuweza kusoma vizuri hadi alipokaribia umri wa miaka kumi na mitatu. Sisi tunaoshinda na vitabu huwa wepesi wa kuipima akili ya mtoto kwa wepesi wake wa kusoma. Kwa kipimo hicho Blumlein angewekwa nyuma ya darasa, na pengine asingetoka huko. Kwa bahati njema walimu wake hawakumkatia tamaa. Alipitia shule ya Highgate, akajiunga na Chuo cha City and Guilds kilichokuwa sehemu ya Chuo cha Imperial, na mwaka wa 1923 akahitimu shahada ya daraja la kwanza.

Mwaka wa 1924 aliajiriwa na kampuni ya International Western Electric, iliyoshughulika na simu. Tatizo lililoisumbua simu ya masafa marefu wakati huo ni kwamba mazungumzo ya waya mmoja yalivuja na kusikika katika waya wa jirani. Blumlein alisaidia kuupunguza uvujaji huo, na katika kazi hiyo akajifunza namna ya kuzitenganisha sauti mbili zinazosafiri pamoja. Ujuzi huo ungemfaa baadaye kwa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Mwaka wa 1929 alihamia kampuni ya santuri ya Columbia Graphophone, chini ya Isaac Shoenberg, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa na jicho la kutambua vipaji. Kampuni za santuri zililazimika kulipa ada kwa kila santuri iliyotengenezwa kwa mtambo wa Kimarekani wa kunasia sauti, maana mtambo huo ulilindwa kwa hataza. Shoenberg alitaka mtambo mwingine usioigusa hataza hata moja ya Wamarekani. Blumlein pamoja na mwenzake, H. E. Holman, walibuni mtambo huo, tena ukawa bora kuliko ule uliotozwa ada. Mwaka wa 1931 Columbia iliungana na kampuni ya Gramophone, ikazaliwa EMI, ambayo maabara yake yalikuwa Hayes, magharibi mwa London.

Ni katika mwaka huo wa 1931 ambapo Blumlein alikwenda sinema na Doreen Lane, aliyekuja kuwa mke wake mwaka wa 1933. Filamu zenye sauti zilikuwa bado mpya. Picha ilikuwa pana, waigizaji walitembea kutoka pembe moja ya pazia hadi nyingine, lakini sauti zao zote zilitoka mahali pamoja, spika ilipowekwa. Mtu aliyeonekana kulia alisikika kana kwamba yuko kwingineko kabisa. Inasimuliwa kwamba Blumlein alimuuliza mchumba wake kama amelitambua jambo hilo, kisha akamwarifu kwamba yeye anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mwenyewe popote aendapo. Watazamaji wengine ukumbini walikuwa wamekwisha kuizoea kasoro hiyo, na huenda hata hawakuiona kuwa kasoro. Kwa maoni yangu ugumu ulikuwa hapo hasa, kwa kuwa mtu hutafuta dawa ya ugonjwa anaojua kwamba anao.

Ili tuielewe njia aliyoiona, hatuna budi kuanza na masikio. Sauti itokayo upande wa kushoto hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia baada ya muda usiofika elfu moja ya sekunde. Ubongo huupima muda huo mdogo na kuutumia kuamua sauti imetoka wapi. Kwa sauti nyembamba, kichwa chenyewe huwa kama ukuta, hivyo sikio lililo upande wa pili hupokea sauti iliyofifia, na ubongo huitumia pia tofauti hiyo ya nguvu. Mambo haya yalijulikana kwa wanasayansi kabla ya Blumlein. Hata kusikiliza kwa njia mbili hakukuwa kugeni: mwaka wa 1881, katika maonyesho ya umeme jijini Paris, Clément Ader aliwawezesha watu kusikiliza muziki wa jumba la Opera kupitia vipokezi viwili vya simu, kimoja kwa kila sikio.

Ugumu unaanza vipokezi vinapoondolewa masikioni na mahali pake pakawekwa spika mbili mbele ya msikilizaji. Hapo kila sikio husikia spika zote mbili. Sikio la kushoto halipokei ujumbe wake peke yake, bali linapokea pia ule uliokusudiwa sikio la kulia, kama vile waya wa simu uliovujiwa na jirani yake. Ukitenga maikrofoni mbili kwa umbali wa masikio ya binadamu, kisha ukapeleka sauti zake moja kwa moja kwenye spika mbili, tofauti za wakati ulizozinasa huvurugika kabla ya kufika. Blumlein alitambua kwamba uvujaji huu hauhitaji kuzuiwa, maana unaweza kutumikishwa. Spika mbili zikitoa sauti ileile kwa wakati uleule, ila moja kwa nguvu zaidi, mchanganyiko wake unapofika masikioni huzaa zile tofauti za wakati ambazo ubongo unazitafuta katika sauti nzito. Kwa maneno mengine, kinachopelekwa katika spika ni tofauti za nguvu tu, na hewa iliyo kati ya spika na kichwa humalizia kazi iliyobaki.

Maombi yake ya hataza aliyawasilisha tarehe 14 Desemba 1931, na yakakubaliwa mwezi wa Juni 1933 kwa nambari 394,325. Hati hiyo ina madai 70. Mtu akiisoma leo hushangaa jinsi mambo mengi yaliyochukua miaka kutekelezwa yalivyokwisha kuwekwa humo. Mna saketi ya kujumlisha na kutoa sauti za njia mbili, ili tofauti za wakati zilizonaswa na maikrofoni zilizotengana zigeuzwe kuwa tofauti za nguvu. Mna maikrofoni mbili zilizowekwa mahali pamoja zikapishana kama msalaba, mpangilio ambao hadi sasa mafundi wa kurekodi huuita jozi ya Blumlein. Mna filamu yenye njia mbili za sauti kando ya picha.

Mna pia santuri, nayo inastahili maelezo zaidi. Santuri za Edison zilichorwa kwa sindano inayopanda na kushuka, za Berliner kwa sindano inayoyumba kushoto na kulia. Blumlein alionyesha kwamba miondoko hiyo miwili inaweza kuishi katika mfuo mmoja bila kugombana. Akaeleza pia namna ya kuilaza pande zote mbili za mfuo kwa nyuzi 45, ukuta mmoja ukabeba sauti ya kushoto na mwingine ya kulia. Kila santuri ya stirio iliyouzwa tangu mwaka wa 1958 ina mfuo wa namna hiyo. Ni kweli kwamba waliouingiza sokoni walikuwa Wamarekani wa Westrex, waliotangaza mtambo wao mwaka wa 1957, lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuandikwa Hayes robo karne iliyotangulia.

Majaribio hayakukawia. Mwezi wa Desemba 1933 Blumlein na wenzake walirekodi sauti zao wenyewe wakitembea na kuzungumza ukumbini Hayes. Mwezi wa Januari 1934, katika studio za Abbey Road, walinasa mazoezi ya okestra ya London Philharmonic chini ya Thomas Beecham, ikipiga simfonia ya Mozart iitwayo Jupiter. Mwaka wa 1935 wakageukia filamu, wakapiga picha za magarimoshi yakipita katika stesheni ya Hayes, sauti ikisafiri pamoja na mabehewa kutoka pembe moja ya pazia hadi nyingine. Swali la ukumbi wa sinema lilikuwa limejibiwa.

Hata hivyo, EMI haikuendelea nalo. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na ili mtu afaidi stirio alihitaji kununua gramafoni nyingine na spika ya pili, ilhali wengi hawakuwa na uwezo wa kununua hata ya kwanza. Isitoshe, Shoenberg alimhitaji Blumlein kwa mradi mwingine, yaani runinga. Mfumo wa Marconi-EMI wa mistari 405, ambao Blumlein alikuwa mmoja wa wabunifu wake wakuu, ulishindanishwa na ule wa John Logie Baird wa mistari 240 pale BBC ilipoanza matangazo kutoka Alexandra Palace mnamo Novemba 1936. Miezi mitatu baadaye mfumo wa Baird uliondolewa. Uingereza iliendelea kuitumia mistari 405 hadi mwaka wa 1985. Si haki kuipita kazi hii kwa aya moja, lakini inahitaji makala yake.

Kwa jumla Blumlein alipata hataza 128 katika maisha yake mafupi. Wenzake walimkumbuka kwa desturi ya kuzikokotoa saketi zake kikamilifu juu ya karatasi kabla ya kushika nyaya, kwa kuwa aliamini kwamba kilichobuniwa sawasawa kitafanya kazi kinapowashwa. Nje ya kazi alipenda kuendesha farasi na kurusha ndege ndogo. Yeye na Doreen walijaliwa wana wawili.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, ujuzi wake ulielekezwa kwenye rada. Marubani wa Uingereza waliorushwa usiku kwenda Ujerumani hawakuyaona maeneo waliyotumwa kuyashambulia. Kwa hiyo ulibuniwa mtambo ulioitwa H2S, rada iliyobebwa ndani ya ndege ili kuchora sura ya ardhi iliyo chini hata kukiwa na giza au mawingu. Tarehe 7 Juni 1942, siku ya Jumapili, Blumlein alipanda ndege aina ya Halifax yenye nambari V9977 katika uwanja wa Defford, pamoja na wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen, ili auone mtambo huo ukifanya kazi. Alasiri hiyo injini moja ilishika moto angani. Ndege ilianguka karibu na Welsh Bicknor, kando ya mto Wye, na watu wote 11 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa nati moja ndani ya injini ambayo haikukazwa ipasavyo wakati wa ukaguzi.

Bernard Lovell, aliyeongoza kazi ya H2S na ambaye baadaye alipata umaarufu katika elimu ya nyota, alilazimika kwenda usiku huohuo penye mabaki ya ndege kuchukua magnetroni, kifaa cha siri kilichokuwa moyo wa rada hiyo. Vifo vyenyewe vilifanywa siri. Serikali haikutaka Wajerumani wajue kwamba Uingereza imewapoteza wataalamu wake wa rada, hivyo magazeti hayakuandika tanzia inayomstahili mtu wa hadhi yake. Mtambo aliokwenda kuujaribu ulianza kutumiwa vitani Januari 1943.

Kwa hiyo Blumlein alifariki mara mbili: kwanza pale kando ya mto Wye, kisha katika kumbukumbu za watu. Ukimya uliowekwa kwa sababu za kivita haukuondoka vita vilipokwisha. Nyaraka zake zilikusanywa na mwandishi mmoja aliyeahidi kitabu, na miaka ikapita bila kitabu kutokea. Bamba la kumbukumbu liliwekwa kwenye nyumba yake ya zamani huko Ealing mwaka wa 1977, na dirisha la vioo vya rangi katika kanisa la ngome ya Goodrich, karibu na mahali ndege ilipoangukia, lilizinduliwa mwaka wa 1992. Wasifu kamili ulisubiri hadi mwaka wa 1999, Robert Alexander alipochapisha wake, akafuatwa na Russell Burns mwaka wa 2000.

Pengo hilo liliwafanya wengi waamini kwamba stirio ilianzia Marekani. Dai hilo lina chembe ya ukweli. Wahandisi wa maabara ya Bell walikuwa wakiifanyia utafiti sauti ya njia nyingi katika miaka ileile, bila kumtegemea Blumlein. Tarehe 27 Aprili 1933 waliisafirisha sauti ya okestra ya Philadelphia hadi ukumbini Washington kwa njia tatu, huku Leopold Stokowski akirekebisha vidhibiti vya sauti huko Washington. Na katika jambo moja naona Wamarekani waliona mbali zaidi. Sauti ya katikati inayozaliwa na spika mbili ni kama kivuli. Humtokea anayeketi katikati barabara, na akisogea upande mmoja huvutwa na spika iliyo karibu naye. Sebuleni hilo huvumilika. Katika ukumbi wa watu mia tano haliwezekani, ndiyo maana sinema zikahitaji spika ya tatu nyuma ya pazia, nayo ndiyo spika ya katikati inayobeba mazungumzo katika seti za nyumbani za sasa.

Lakini hesabu ya kujumlisha na kutoa haikutoweka. Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Dolby ilipotaka kuingiza njia nne za sauti katika filamu yenye nafasi ya njia mbili tu, ilichanganya sauti hizo kwa namna ambayo kinachofanana katika njia zote mbili kilipelekwa katikati, na kinachopingana kikapelekwa nyuma ya watazamaji. Filamu ya Star Wars ya mwaka wa 1977 iliutangaza mfumo huo, na kuanzia mwaka wa 1982 vitambuzi vyake viliuzwa kwa matumizi ya nyumbani pamoja na kanda za video. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, Michael Gerzon wa Oxford aliichukua jozi ya maikrofoni zilizopishana, akaiongezea mhimili wa juu na chini, na kupata njia ya kuinasa sauti ya pande zote kutoka nukta moja, mbinu iitwayo ambisoniki.

Mwaka wa 1992 ulileta sauti ya dijitali yenye njia tano na wufa yake, inayoandikwa 5.1. Mwaka wa 2012 ulileta Dolby Atmos, iliyoingia majumbani mwaka wa 2014. Humo fundi hasemi tena sauti itoke spika gani. Huandika mahali sauti ilipo angani, na mtambo wa sebuleni hukokotoa wenyewe utumie spika zipi kati ya zile ulizo nazo, ziwe mbili au ziwe saba za ukutani na nne za darini. Sauti imefunganishwa na chanzo chake badala ya spika.

Filamu ya magarimoshi ya Hayes imehifadhiwa. Inachukua takriban dakika tano, haina hadithi, haina mwigizaji. Garimoshi linatokea upande mmoja, linapita na moshi wake mbele ya stesheni, na mlio wake unapita pamoja nalo hadi linapotoka kwenye picha.